Fundi Aliyepima Watu Akiwa Amekaa

Trrrr, ta. Trrrr, ta.

Cherehani nyingine zote za ile baraza yetu pale Makambako zilikuwa zinakimbia. Ya kwake ilikuwa inachechemea. Inakwenda kidogo, inasita, inakwenda tena. Mpaka leo nikisikia cherehani inayokwenda moja kwa moja bila kusita, naona kama kuna mtu amechelewa kufika.

Siku ya kwanza nilijifanya mjuaji. Nikamwambia, "Fundi, mkanda wa mashine umelegea."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mkanda mzima kabisa. Wewe sikiliza kazi, mashine iache."

Mafundi walikuwa wengi mjini, lakini ukisema "Fundi" halafu ukanyamaza, watu walijua ni yeye. Mimi nilikwenda kwake kujifunza baada ya shule kunishinda kidato cha pili. Shule ilinishinda, ndoto hazikunishinda. Nilikuwa namwambia kila mtu kwamba iko siku nitafungua duka Njombe mjini, lenye kioo kikubwa mbele, na sanamu limesimama ndani limevaa gauni nililoshona mimi. Fundi alisikiliza yote hayo huku anatunga uzi.

"Hilo sanamu," akasema, "litakuwa linapendeza kuliko mwenye duka. Kwanza chana nywele."

Ndivyo alivyokuwa. Mkali wa mdomo, na hakuacha mtu apite hivi hivi. Mteja mwenye kitambi akiingia, anaulizwa, "Baba, hicho unakilea au unakifuga?" Dada mwembamba akija kushonesha, anaambiwa, "Nitashona gauni, lakini kulijaza ni kazi yako." Watu walitukanwa, wakacheka, wakarudi mwezi uliofuata na kitambaa kingine. Kitu kimoja tu hakukitania kamwe, nacho ni mwendo wa mtu. Akipita kiwete, au bibi aliyepinda mgongo, Fundi aliinamisha macho kwenye mshono wake akanyamaza mpaka mtu yule apite. Niliona, lakini sikujua ninachokiona.

Sifa yake kubwa ilikuwa kupima kwa macho. Wateja walikuja kwa minibasi kutoka Igwachanya, wengine kutoka mbali zaidi, ili tu wapimwe bila futi. Fundi hakuinuka kwenye kiti chake. Alimwambia mtu, "Simama mlangoni, nikuone kwenye mwanga." Mtu anasimama. "Geuka ubavu." Anageuka. "Nipe mgongo." Anatoa mgongo. Kisha Fundi anafumba macho kidogo, kama anayeomba, halafu ananitajia mimi vipimo vyote: kiuno, nyonga, urefu, bega. Na nguo ikishonwa inakaa! Kuna mama mmoja alitoa ushuhuda kanisani kwamba Fundi amepewa karama.

Karama hiyo niligundua siri yake nilipokuwa nafagia. Mwimo wa mlango ulikuwa na alama ndogo ndogo za kisu, kuanzia chini mpaka juu, zimepakwa rangi juu yake zisionekane. Na mlango wenyewe ulikuwa wa mbao zenye upana mmoja. Fundi alikuwa anasoma urefu wa mtu kwenye mwimo, na unene wake kwa kuangalia amefunika mbao ngapi. Nikamgeukia na ufagio mkononi.

"Fundi! Kumbe hii ndiyo karama?"

"Funga mdomo, ufagie," akasema. "Aliyekata hizo alama ni nani? Si mimi? Basi karama ni yangu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini swali lililobaki sikuliuliza: mtu mwenye futi shingoni, tena fundi mzuri, kwa nini ahangaike kukata mlango badala ya kuinuka tu akampima mteja?

Mji ulikuwa na jibu lake. Mji ulisema Fundi ana msimamo, hainukii mtu. Hadithi hiyo ilianza siku alipokuja ofisa mmoja wa wilaya kushonesha suti. Watu wote barazani walisimama. Fundi alibaki amekaa, koti lake refu limemfunika magoti, akamwambia yule mheshimiwa, "Karibu. Simama mlangoni. Geuka ubavu." Mheshimiwa akageuzwa kama mkate kwenye kikaango, dereva wake anatazama pembeni asicheke. Tangu siku hiyo vijana wa stendi walikuwa wakimpigia saluti. "Yule mzee haogopi serikali!"

Haogopi serikali wapi. Baada ya mheshimiwa kuondoka, Fundi aliomba maji, na bilauri ikagonga meno yake.

Na hilo koti. Makambako kuna baridi, hilo linajulikana, mwezi wa sita na wa saba hata mbwa wanatafuta jiko. Lakini Fundi alivaa koti refu mpaka mwezi wa kumi, jua likiwa linapasua kichwa na vumbi la malori linatuingia puani. Jasho linamtiririka, koti halitoki. Tukimuuliza, anasema, "Mimi baridi yangu iko ndani."

Siku moja mvua ilinyesha yenye ukungu, nguo hazikauki, na Mama Fundi akaleta suruali ya mumewe akaitundika karibu na pasi ya mkaa. Kwa kawaida suruali zake yeye mwenyewe hakuna mtu aliyezigusa. Mama Fundi alikwenda sokoni, Fundi alikuwa ameitwa kanisani, mimi nikaona nifanye wema, nikaichukua kuipiga pasi.

Nilipoigeuza ndani nje, nikaona. Kati ya miguu kulikuwa kumeongezwa kipande cha pembe nne, kikubwa, kimeunganishwa kwa mshono uliofichwa hata ukiipapasa kwa nje husikii kitu. Mapaja yamekatwa mapana upande mmoja kuliko mwingine, lakini mkunjo umewekwa kwa akili mpaka suruali inaonekana ya kawaida. Ulikuwa mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kumwona akishona, na hakuna mteja aliyewahi kuuona.

Mama Fundi alirudi akanikuta bado nimeishika.

"Umeona, ee?"

"Nimeona mshono, Mama."

"Basi umeona." Akaketi kwenye benchi, akaweka kikapu chini. "Ni busha, mwanangu. Ana busha tangu Upendo akiwa darasa la kwanza."

Upendo ni binti yao wa mwisho, na wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye mchumba.

Ndipo kila kitu kikajipanga kichwani mwangu: koti, kiti, alama za mlangoni, cherehani inayochechemea kwa sababu mwenye kuikanyaga anakaa upande, mguu mmoja umetupwa nje. Nilitaka kucheka, nikataka kulia, mwisho nikapiga pasi.

Kwa nini hakwenda hospitali? Hilo ndilo lilinichekesha na kuniuma kwa pamoja. Kwanza, kwa upande wake, hakuwa na busha. Kwao wote hapa juu kwenye baridi, busha ni ugonjwa wa watu wa Pwani.

"Mimi hata Chalinze sijafika," alikuwa akimwambia mkewe, na mkewe akanisimulia mimi. "Busha nimelitoa wapi?"

Mama Fundi akamuuliza, basi hicho ni nini. Fundi akafikiri sana, akakiri kwa sauti ya chini kwamba iko siku dereva wa lori aliyekuwa anapitia kwenda Songea alimpa dafu. "Lakini lilikuwa moja tu. Tena nilikunywa nusu!"

Kwa miaka yote hiyo mzee wa watu alikuwa analilaumu lile dafu. Aliona aibu kama mtu aliyefanya jambo baya safarini.

Pili, kulikuwa na besi. Fundi ndiye aliyekuwa nguzo ya besi kwenye kwaya ya usharika. Alikaa benchi la nyuma, haimbi amesimama, na hata mwalimu wa kwaya alikuwa ameshazoea. Lakini sauti ile! Ikishuka, unaisikia kwenye mbao za benchi kabla hujaisikia masikioni. Sasa mtu fulani, mjinga mmoja kilabuni kwenye pombe ya ulanzi, alisema mbele yake kwamba mwanamume akikatwa sehemu hizo sauti yake inapanda inakuwa ya kike. Hakuwa anamsema Fundi, wala hakujua. Lakini Fundi alilibeba neno hilo akalipeleka nyumbani, akalala nalo.

"Nitaimba wapi mimi?" alimuuliza mkewe. "Na akina mama?"

Mambo yangebaki hivyo mpaka leo kama si harusi ya Upendo.

Mchumba alikuwa kijana wa kutoka Makete, mfanyabiashara, anatabasamu kwa uangalifu kana kwamba tabasamu nalo linanunuliwa. Fundi alimtania kama alivyotania watu wote, na kijana alimpenda. Mahari ilishaisha, tangazo limesomwa kanisani. Kilichobaki ni utaratibu wa siku yenyewe, na utaratibu wa kwetu ni kwamba baba anamshika binti yake mkono mlangoni mwa kanisa, wanatembea wote wawili katikati ya watu wote mpaka mbele.

Fundi akasema baba mdogo ndiye atakayemtembeza. Yeye atakuwa ameshakaa mbele.

Upendo alikuja barazani mchana, mimi nipo, wateja hawapo. Alisimama mbele ya mashine akaweka mkono juu ya gurudumu, cherehani ikanyamaza.

"Baba, niambie ukweli. Humtaki kwa sababu ni Mkinga wa Makete?"

"Nani kasema simtaki? Namshonea koti mimi mwenyewe."

"Basi kwa nini hutaki kutembea na mimi?"

"Magoti, mwanangu."

"Magoti hayajawahi kukuuma. Mama kasema hayajawahi kukuuma."

"Mama yako anayajua magoti yangu kuliko mimi?"

"Baba mdogo nampenda," Upendo akasema, na sauti ilikuwa imeanza kukatika, "lakini si yeye aliyenishonea sare ya shule. Kama hutatembea na mimi, nitaingia peke yangu. Watu waseme wanavyotaka."

Akaondoka. Fundi akatazama sindano muda mrefu. Mimi nikajifanya natafuta bobini chini ya meza, nikakaa huko chini mpaka macho yakakauka.

Kesho yake Mama Fundi alivaa kitenge chake kizuri akapanda gari kwenda Njombe, hospitali, kuuliza mwenyewe. Alirudi jioni amechangamka. Kuna daktari kijana pale, alituambia, anatibu busha kwa chale ndogo, ndogo kabisa, upana wa kucha ya dole gumba. Hawapasui eneo lote kama zamani. Wanachoma sindano ya ganzi, wanatoa maji, halafu ule mfuko uliokuwa na maji wanauvuta nje kupitia kwenye hilo hilo tundu, wanaukata, wanashona. Asubuhi unaingia, jioni uko kwako. Na harusi bado iko mbali, kidonda kitakuwa kimepona.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kicheko kile cha kumdharau mtu aliyemletea kitambaa kisichotosha.

"Mke wangu, wamekudanganya. Gunia la viazi litolewe kwa tundu la kifungo?"

"Daktari kasema."

"Daktari hajaona gunia."

Hapo ndipo shetani wangu mdogo aliponiamsha. Maana kazi aliyonipa Fundi wiki hiyo ilikuwa kumalizia koti la bwana harusi, na koti lile lilikuwa la bitana. Sijui kama wasomaji wote wanajua jinsi koti la bitana linavyomaliziwa. Unashona kitambaa cha nje na bitana ya ndani vikiwa vimegeuzwa, kila kitu ndani nje, mabega, mikono, kola, pindo, mpaka vyote vimefungana pande zote. Ukilitazama unaona fuko la ajabu lisilo na mlango. Lakini ndani ya mkono mmoja, kwenye mshono wa bitana, umeacha tundu dogo, vidole viwili vitatu. Hapo unaingiza mkono, unakamata kitambaa, unavuta. Linatoka bega moja, linatoka la pili, inatoka kola, mpaka koti zima limepita kwenye lile tundu na limesimama mbele yako limenyooka. Kisha unaziba tundu kwa mkono, mishono michache. Nani alinifundisha? Yeye.

Nikachukua kigoda changu. Kwa kawaida nilikaa mlangoni. Siku hiyo nilikwenda kukaa mbele yake kabisa, magoti yetu yakikaribia kugusana. Nikaweka lile fuko mapajani. Nikaingiza vidole. Nikaanza kuvuta, polepole, kwa heshima zote.

Trrrr, ta. Trrrr. Cherehani yake ikasimama.

Nikavuta bega la kwanza. Lilikwama kidogo, nikalisaidia, likatoka.

"Bega hilo, Fundi," nikasema.

"Nimeona."

Nikavuta la pili. Nikavuta kola yote na kanvasi yake ngumu ndani. Ikapita.

"Na kola."

"Binti, nimesema nimeona."

Nikavuta mkono, nikavuta mifuko na vifuniko vyake, nikavuta pindo. Nikalikung'uta koti, nikalinyanyua juu kwa mabega yake, likaning'inia kati yetu jeusi, limenyooka, zuri. Kisha nikaligeuza mkono nikamwonyesha lile tundu. Vidole viwili.

"Na viazi huwa vinatolewa kwanza," nikasema. "Linabaki gunia tupu."

Nilidhani atanitupia mkasi. Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake refu, akaivaa. Akalichukua lile koti la mkwewe akaingiza kidole chake kwenye tundu, akakizungusha humo, kama mtu anayepima.

"Wewe mtoto huna adabu," akasema. Kisha akamwita mkewe, "Mama Upendo! Gari la Njombe linaondoka saa ngapi asubuhi?"

Tulikwenda watatu. Hospitali kulikuwa na baridi na harufu ya dawa, na Fundi alikaa na koti lake amelishika kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu atakayelipora. Daktari alimpima, akampiga picha kwa mashine, akamwambia ni busha, na kwamba linaweza kumtokea mwanamume popote, milimani au Pwani.

"Kwa hiyo si dafu?" Fundi akauliza.

"Dafu gani?"

"Basi, basi. Endelea."

Daktari akamuuliza kwa nini alisubiri miaka yote hiyo. Fundi akasema alitegemea litaondoka lenyewe kwa hiari. Daktari akacheka, na nadhani kicheko kile kilifanya kazi kuliko maelezo. Fundi naye akaanza kuuliza maswali ya kifundi: anatumia sindano gani, anashona mshono upi. Daktari akamwambia uzi wenyewe unayeyuka baada ya muda, hauna haja ya kutolewa.

Fundi akashika kichwa. "Uzi unayeyuka! Ningekuwa nao mimi huo, wateja wangu wangeshaniua."

Mimi na Mama Fundi tulibaki kwenye benchi la nje. Mama alikuwa ananyonga pindo la kitenge chake, analikunjua, analinyonga tena. Nikamwona jinsi alivyochoka usoni, mtu aliyebeba siri ya mwingine mpaka ikawa yake. Nikamshika mkono. Hatukukaa sana. Mlango ukafunguliwa, nesi akapita, akasema salama, anapumzika.

Halafu tukasikia. Kutoka ndani, kitu kizito, kirefu, kinashuka chini chini mpaka dirisha likatetemeka.

Nesi akageuka mbio. "Mzee! Unaumwa wapi?"

"Siumwi," tukamsikia. "Najaribu."

Mama Fundi aliweka uso mapajani mwangu akacheka mpaka kilemba kikadondoka. Besi ilikuwepo, kamili, hata ya chini kabisa.

Alikaa nyumbani kupona kama alivyoambiwa, akinitukana kwa simu kila siku kuhusu kazi. Fundi alimweleza Upendo mwenyewe. Sikuwepo, ila Upendo alinisimulia kwamba baba yake alisema yote kwa pumzi moja, akitazama ukutani: "Baba yako alikuwa na busha. Sasa hana. Mchumba wako ni mtu mzuri. Usilie juu ya hicho kitambaa, ni cha mteja."

Siku ya harusi alisimama mlangoni mwa kanisa bila koti refu. Suti ya kijivu, suruali iliyokatwa sawa pande zote mbili. Watu walimwangalia kama mgeni. Kuna mzee alimuuliza mwenzake, "Kumbe Fundi ni mrefu hivi?"

Kwaya ikaanza wimbo wa kuingilia. Ilikuwa na soprano, na alto, na tenori, na chini yake shimo, maana mwenye besi alikuwa mlangoni amemshika binti yake. Walipopiga hatua ya tatu au ya nne shimo likajaa. Besi ilitokea nyuma ya watu wote, inakuja inatembea. Vichwa vikageuka.

"Baba, unaimba!" Upendo akanong'ona, lakini mimi niliyekaa karibu nilisikia.

"Tembea. Usiniharibie."

Na alitembea polepole! Mchungaji alisubiri. Bwana harusi alisubiri ndani ya lile koti, jasho linamtoka. Kwaya ilimaliza wimbo, ikatazamana, ikaurudia kutoka mwanzo. Wanawake karibu yangu wakasema kwa huruma, "Maskini, magoti."

Maisha baada ya hapo hayakumwendea vizuri kila upande. Fundi alianza kusimama, na kwa kuwa aliweza kusimama, akaanza kupima kwa futi. Wateja wakanung'unika. Mama yule wa ushuhuda alikuja kunivuta pembeni: "Siku hizi kaishiwa. Karama imeondoka. Anatumia futi kama watu wote!" Wengine waliacha kuja. Nikamshauri ajifanye, akae tu, awaweke mlangoni. Akakataa. "Nimekaa vya kutosha," akasema.

Jicho lake likahamia kazi nyingine. Mwezi wa kumi, jua kali, akimwona mwanamume kapita na koti refu, au mzee haondoki kwenye kiti hata moto ukiwaka, Fundi alifunga mashine akamfuata. Hakuwa na haya hata kidogo. "Kamwene, ndugu yangu. Joto lote hili, na koti? Njoo tuzungumze, nina jambo la gunia na tundu la kifungo." Wapo waliomfukuza. Yupo aliyemwachia mbwa. Wapo pia aliowasindikiza mwenyewe mpaka Njombe, na kutoka huko walirudi wanatembea katikati ya barabara kama watu wenye kiwanja chao.

Mimi sasa nina chumba changu cha kushonea Njombe. Kioo kikubwa bado, sanamu bado, lakini nina mlango unaotazama barabara. Mwaka huu, mwezi wa saba, nilikwenda Lyamkena kumsalimu mama yangu. Niliposhuka stendi Makambako ukungu ulikuwa haujainuka, na katikati yake nikamwona mzee mrefu anakuja kwa miguu, kikapu begani, hatua zake ndefu.

"Fundi! Kamwene!"

"Kamwene, mwenye sanamu. Nywele umechana leo, nashukuru."

Alikuwa anakwenda Makete kumwona Upendo, amejifungua mtoto wa pili. Nilimuuliza kwa nini hakupanda bodaboda kutoka nyumbani.

"Nipande nini, na miguu ninayo?"

Nikatembea naye mpaka kwenye gari lake. Alikuwa mzee sasa, mvi mpaka kwenye nyusi, lakini nililazimika kukimbia kidogo kidogo ili niende naye sambamba. Gari lilikuwa halijajaa, kwa hiyo tukasimama pembeni. Alikataa kukaa. Tukazungumza juu ya vitambaa, juu ya mafundi wapya wanaopiga pasi juu juu, juu ya mkwewe ambaye ameanza kutabasamu bila kuhesabu. Nikapata ujasiri, nikamuuliza kitu nilichokuwa nacho siku zote.

"Fundi, siku ile kanisani. Kidonda kilikuwa kinauma?"

"Siku ipi?"

"Ya harusi. Ulitembea polepole sana. Kwaya iliurudia wimbo."

Akaangalia upande wa barabara, malori yanapita moja moja kwenye ukungu na taa zake.

"Hakukuwa na kidonda," akasema. "Nilikuwa naona tunafika. Nikatamani lile kanisa wangelijenga refu zaidi, lifike huko Mtwango."

Kisha konda akaita, na yeye akapanda, akageuka mlangoni kunitukana kuhusu mshono wa bega la gauni langu, ambao kweli ulikuwa umepinda. Gari likaondoka.

Kijana wa bodaboda alikuwa ananisubiri muda wote huo, injini inanguruma. "Dada, Lyamkena? Panda basi, baridi hii."

Nikamwambia aende tu. Akanishangaa, akaondoka. Nikavua viatu vyangu vya kisigino, nikavishika mkono mmoja, nikashika njia ya nyumbani kwa miguu, peke yangu, wala sikuharakisha.